Kujitolea na Kutolewa: Lugha ya Kungoja Figo Butembo na Beni

Hoja yangu naiweka wazi tangu mwanzo. Mgonjwa wa Butembo au wa Beni anayengoja kupandikizwa figo hangoji kama mgonjwa wa Paris au wa Brussels. Kule kuna orodha ya wanaongoja, na simu inaweza kulia usiku kumwambia mtu kwamba figo ya marehemu imepatikana, aje hospitali upesi. Huku kwetu mgonjwa hana orodha ya namna hiyo. Kungoja kwake ni kuwatazama ndugu zake usoni, mmoja baada ya mwingine, na kujiuliza ni nani atakayempa. Kwa hiyo msaada wa kwanza wa moyo anaouhitaji ni wa lugha: namna tunavyosema naye, namna tunavyomwuliza, na namna tunavyomwachia ndugu yake nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Kazi hiyo inatuhusu sisi wanafunzi wa lugha kuliko tunavyodhani.

Tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa wenyewe. Figo ni mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo. Huchuja damu, hutoa maji na uchafu kwa njia ya mkojo, na husaidia kuiweka presha mahali pake. Kisukari na presha isiyotibiwa ndizo sababu mbili kubwa zinazoziharibu polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote, hadi siku ambayo miguu imevimba, pumzi inakatika na chakula hakina tena ladha mdomoni. Zikifika mwisho, njia zinabaki mbili. Ya kwanza ni dializi, yaani kusafisha damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma na kama saa nne kila mara. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Mashine haiponyi, hushika tu nafasi ya figo kwa muda. Hata figo mpya haimalizi safari, maana aliyepandikizwa hunywa kila siku, maisha yake yote, dawa za kuzuia mwili usiikatae.

Mtu wa dializi huishi pia kwa makatazo. Ndizi, maharagi, viazi, avoka, sombe: vyakula hivi vya nyumba zetu vina potasiamu nyingi, madini ambayo figo nzima huyatoa bila shida, lakini yakijaa katika damu yanaweza kuusimamisha moyo. Viazi na mboga hubidi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Maji ya kunywa hupimwa kwa kikombe. Sasa fikiri mtu huyo anatembelewa siku ya Jumapili, anawekewa sahani mbele ya watu, anaambiwa: kula upate nguvu. Anayesema hivyo anampenda. Lakini amemweka mgonjwa mahali pabaya: ama ale ajiumize, ama akatae aonekane mwenye maringo.

Halafu kuna barabara. Katika nchi za jirani upandikizaji wa figo si ndoto tena. Kenya ina miaka mingi ya kazi hiyo. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018. Uganda ilipata sheria yake ya kuchangia na kupandikiza viungo mwaka 2023, na Desemba mwaka huohuo hospitali ya Mulago, Kampala, ikafanya upasuaji wake wa kwanza wa figo. Lakini kila mahali hapo figo hutoka kwa mtu aliye hai, na kwa kawaida ni ndugu. Kwa hiyo mgonjwa wa kwetu hasafiri peke yake: husafiri na mtu atakayelala katika kitanda cha pili.

Njia yenyewe mnaijua. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na anayetafuta hospitali kubwa ametazama zaidi upande wa Uganda: Butembo hadi Beni, Beni hadi Kasindi, kisha mpaka, Mpondwe, Kasese, na siku nzima ya basi hadi Kampala. Katika kipande cha Beni hadi Kasindi magari yamewahi kwenda kwa msafara chini ya ulinzi wa askari, kwa sababu ya mashambulizi ya ADF. Mwenye figo mbovu hawezi kuahirisha safari kama mchuuzi anayengoja barabara itulie. Akikosa dializi siku kadhaa, maji hupanda mapafuni.

Kuna jambo moja la lugha katika njia hiyo ambalo sisi wa kitivo hiki tunapaswa kulitazama. Kutoka Butembo hadi Kasese mgonjwa wetu bado yuko nyumbani kwa maneno, maana Kikonzo cha upande wa pili wa mpaka na Kinande chetu ni ndugu wa karibu sana, na watu husikilizana. Baada ya Kasese maneno yanaanza kumwisha. Kampala anakutana na Kiganda mtaani na Kiingereza hospitalini. Kifaransa chake cha shuleni hakimsaidii, na Kiswahili atakipata kwa bahati, kwa muuguzi mmoja au kwa askari wa mlangoni. Mtu anayengoja jambo kubwa kuliko yote ya maisha yake analingoja mahali ambapo hawezi kusema vizuri kwamba anaogopa.

Hata hapa nyumbani maneno hayajakaa sawa. Daktari wetu husema greffe. Kwa Kifaransa neno hilo ni la mkulima kama lilivyo la mganga: ndilo litumikalo kwa mti wa avoka uliounganishwa na tawi la mti mwingine. Ni pia ofisi ya karani wa mahakama. Mzee aliyewahi kuwa na kesi ya kiwanja akisikia neno hilo hospitalini, atawaza nini kwanza? Kiswahili kinatupa kupandikiza, nalo limetoka shambani pia. Naliona neno zuri, kwa sababu watu wa kahawa na kakao wanajua maana yake bila darasa: mche unahamishwa kutoka kitaluni, unahitaji udongo ulioandaliwa, kivuli, maji, na muda kabla haujashika. Wanajua pia kwamba mche mwingine haushiki, hata kama aliyeupanda hakukosea. Mgonjwa aliyeelezwa hivyo ameandaliwa. Mgonjwa aliyeambiwa tu greffe anabaki na sauti isiyo na picha.

Sasa niseme juu ya maneno yetu ya kufariji. Tunayo matatu makubwa: pole, jikaze, na lile tulilolichukua kwa Kifaransa, kuraje. Sina vita na pole. Ni neno la heshima, hutolewa kwa msafiri, kwa mfiwa, kwa aliyejikwaa, na halimwombi mtu afanye lolote. Shida yangu ni na jikaze na kuraje. Maneno hayo ni amri. Yanamwambia mgonjwa kwamba anachotakiwa ni kuonyesha nguvu, na aliyeambiwa aonyeshe nguvu hawezi tena kukuonyesha hofu yake. Hofu haiondoki kwa sababu imefungiwa. Inahamia usiku. Ndivyo inavyokuwa pia kwa sala zetu nyingine. Kumwombea mgonjwa ni jambo jema, lakini nimesikia sala zinazompangia Mungu tarehe. Tarehe ikipita bila figo, mgonjwa anabaki na mzigo wa pili: anaanza kudhani imani yake ndiyo iliyopungua.

Nasema haya kwa sababu nimeyaona karibu. Mama yangu mdogo, mdogo wake mama, aliuza vitenge sokoni Butembo kwa miaka mingi, na presha ilimla figo kimyakimya. Alipoanza dializi ng'ambo ya mpaka, ukoo uliitana. Kwetu jambo zito huletwa penye kyaghanda, pale wazee wanapokaa na kusema kwa zamu, na ni desturi ninayoiheshimu: imemaliza ugomvi wa mashamba mengi. Siku ile ilimaliza jambo lisilokuwa lake. Wazee walihesabu ndugu wa tumbo moja, wakaondoa mwenye kisukari, wakaondoa mwenye mimba, wakafika kwa mjomba wangu wa tatu, na wakasema: huyu ndiye atakayetoa. Msomaji wa Butembo amekwisha kulijua jina la mtoto wa kiume wa tatu. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja akasimama akamshukuru kwa kujitolea.

Mjomba hakuwa amesema neno. Juma lililofuata hakupokea simu, na tulisikia yuko Mangina kwa rafiki. Ukoo ulimwita mwoga. Aliyelitatua jambo hakuwa mzee wala daktari, alikuwa mgonjwa mwenyewe. Alimpigia kwa simu ya jirani na akamwuliza swali moja tu: kaka, unaogopa? Mjomba akalia. Alikuwa na watoto watano na shamba la kakao mahali ambapo watu huuawa kwa mapanga wakienda kuvuna. Aliwaza ni nani atakayekimbia na watoto ikiwa yeye amelala na kidonda cha upasuaji. Mama mdogo akamwambia abaki na figo zake mbili, na kwamba yeye ni kaka yake bado. Tangu siku hiyo mjomba ndiye anayemtumia pesa ya chumba Kampala, na ndiye anayempigia kila jioni ya dializi. Dada yao mwingine, ambaye wazee hawakumtaja kabisa kwa kuwa ameolewa mbali, aliposikia alikwenda mwenyewe kupimwa. Bado tunangoja majibu yote yakamilike.

Hapa ndipo sarufi inapokuwa jambo la uhai. Kujitolea na kutolewa ni maneno yenye mzizi mmoja, toa. La kwanza lina kiambishi kijirejeshi -ji-: mtendaji anajigusa mwenyewe, yeye ndiye anayetoa na yeye ndiye anayetolewa. La pili liko katika kauli ya kutendwa: mtu anafanyiwa jambo na wengine. Tofauti ni herufi chache tu, lakini ndani ya herufi hizo mna mtu mzima. Wazee wetu walimtoa mjomba, kisha wakamshukuru kwa kujitolea. Lugha yetu ilikuwa na neno la kweli kwa kilichotendeka, na hakuna aliyelitumia. Laiti mmoja wetu angesimama na kusema, kwa adabu yote, wazee wangu, huyu hajajitolea, ametolewa, kikao kingepata nafasi ya kujisikia.

Sayansi yenyewe inamtaka kila ndugu aulizwe, asihesabiwe tu. Kati ya ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, nafasi ya kulingana kabisa kwa alama za kinga ni moja kati ya nne. Kulingana nusu ni mbili kati ya nne. Kutolingana kabisa ni moja kati ya nne. Alama hizo hazijali kama wewe ni Paluku, mtoto wa kwanza wa kiume, au Kakule, wa nne. Hazijali kama umeolewa au unaishi lupangoni kwa baba. Kupanga kwetu watoto kwa majina ni utajiri wa utamaduni, lakini si kipimo cha damu. Na hata anayelingana kabisa bado ana haki ya kukataa. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake za mwaka 2010, linataka mtoaji aliye hai awe ameelezwa yote kwa namna anayoielewa, na awe ameamua kwa hiari bila kusukumwa. Hospitali nyingi duniani humwita mtoaji peke yake, bila ukoo, na akisema hataki, daktari huwaambia jamaa neno moja tu: hafai. Hataji sababu. Neno hilo dogo huokoa undugu.

Pasipo uhuru huo, mlango wa pili hufunguka: wa kununua. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret, baada ya habari za vijana maskini waliouza figo zao kwa wageni. Ukoo unaomsukuma ndugu na dalali anayemsukuma kijana wanafanana kwa jambo moja: hakuna kati yao anayengoja jibu.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu duniani unatupa mfano wa kinyume chake. Ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, na daktari Joseph Murray na wenzake. Richard Herrick alikuwa akifa kwa figo, na pacha wake wa kufanana, Ronald, alikubali kutoa moja. Usiku wa kabla ya upasuaji wote wawili walikuwa hospitalini. Mgonjwa, ambaye maisha yake yote yalitegemea siku ya kesho, alimwandikia ndugu yake karatasi fupi akimtaka aondoke arudi nyumbani. Ronald akamjibu kwa karatasi kwamba yupo na atabaki. Richard aliishi miaka minane zaidi. Ronald alifariki mwaka 2010. Wengi husimulia habari hiyo kama ushindi wa kisu cha daktari. Mimi naona pia ushindi wa zile karatasi mbili. Mgonjwa alimfungulia ndugu yake mlango wa kutoka, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, kubaki kwake kulikuwa kujitolea kweli.

Wapo watakaonijibu kwamba maneno hayalipi dializi. Wanasema kweli. Pesa ndiyo ukuta wa kwanza, na barabara ndiyo ukuta wa pili, na sitaki makala hii isomwe kama kwamba maongezi mazuri yatafidia hospitali ambazo nchi yetu haijazijenga. Lakini hata pesa hupotea kwa maneno mabaya. Ukoo ukiuza shamba kumpeleka Kampala mtoaji ambaye moyoni hataki, naye akakataa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kama alivyo na haki, ni shamba lililokwenda bure. Mgonjwa anayeona haya kukataa sahani ya maharagi atalipia haya hiyo kwa dializi ya dharura. Anayeficha huzuni hadi anaacha kunywa dawa ametupa kila senti iliyochangwa kanisani.

Wengine watasema hayo ni mambo ya wanasaikolojia, si ya wanafunzi wa lugha. Kwao nina jibu moja, nalo limetoka hapahapa. Kati ya tarehe 1 Agosti 2018, mlipuko wa Ebola ulipotangazwa, na tarehe 25 Juni 2020, ulipotangazwa kwisha, watu zaidi ya 2,200 walikufa katika eneo letu. Mwanzoni waliokuja kutusaidia walikuja na magari, na dawa, na matangazo ya Kifaransa na ya Kiswahili cha redioni. Uvumi ukajibu kwa lugha ya mtaani: kwamba wagonjwa wanauawa mle ndani, kwamba maiti zinatolewa viungo kabla ya kuzikwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Siasa ilikuwa na sehemu yake, na kura iliyoahirishwa Desemba 2018 kwa Beni na Butembo ilikuwa imewatia watu uchungu. Lakini hofu ya kile kisichoonekana na kisichoelezwa ilikuwa na sehemu kubwa pia.

Na ni nini kilichosaidia? Kuona na kusema. Beni vililetwa vyumba vya plastiki angavu, ambamo jamaa waliweza kumwona mgonjwa wao na kuzungumza naye bila kuambukizwa. Waliopona, wale ambao kwa Kifaransa huitwa vainqueurs, yaani washindi, walirudi katika vituo kukaa na wagonjwa na kubeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa wao walikuwa na kinga. Shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha za mlipuko huo na kuonyesha kwamba watu walitaka maelezo kamili katika Kiswahili cha kwao na Kinande, si amri fupi katika lugha ya mbali. Mama aliyekuwa amelala katika kitanda kilekile alikuwa na neno ambalo mtaalamu hakuwa nalo: mimi pia nilikuwa hapo.

Kwa hiyo miji yetu miwili inajua kumsindikiza mgonjwa. Imekwisha kujifunza kwa gharama kubwa. Inajua pia kwamba mtu wa Beni akisikia habari ya kiungo kinachotolewa mwilini, masikio yake yana kumbukumbu ya uvumi ule. Anayekwenda kumweleza ndugu wa mgonjwa habari ya kutoa figo asijifanye hajui hilo. Aanze nalo: nani atakayekata, wapi, mbele ya nani, ni nini kitakachobaki, na mtoaji ataishije. Husemwa kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Kwa figo ni tofauti, na watu waambiwe: mtu mzima wa afya aliyechunguzwa vizuri huweza kuishi na figo moja, ila inabidi achunguzwe tena mwaka kwa mwaka na ailinde presha yake.

Methali hiyo, hata hivyo, inafaa mahali pengine, kwa yule tunayemwita gadimaladi, ndugu anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa, anapika nje, anafua, anabembeleza. Mara nyingi ni binti mmoja aliyeacha masomo yake bila mtu kumwuliza. Naye ametolewa. Mgonjwa wa figo hulindwa kwa miezi au miaka, si kwa siku tatu za malaria, na jifya moja kweli halitoshi. Wawe watatu wanaopokezana, na mwenye zamu ya kupumzika apumzike bila kuitwa mvivu.

Basi napendekeza mambo ambayo kitivo chetu kinaweza kuyafanya bila kungoja wizara. La kwanza ni kijitabu kidogo cha maneno ya ugonjwa wa figo, katika Kiswahili cha Butembo, Kinande, Kifaransa na Kiingereza, kitakachoandikwa pamoja na wauguzi na kusomwa kwa sauti mbele ya mama wa soko kabla ya kuchapwa. Neno wasiloelewa litoke, hata kama kamusi inalipenda. Kijitabu hicho kisiwe na majina ya viungo na dawa tu. Kiwe na sentensi za mtu mwenye hofu: naona baridi tangu mashine ilipowashwa, sikuelewa, rudia polepole, sitaki ndugu yangu awepo ninapojibu swali hili.

La pili ni ukalimani kwa simu. Wenzetu wanaosoma Kiingereza wapo. Mgonjwa aliye Kampala akipatiwa sauti moja anayoifahamu kwa nusu saa, siku daktari anapomweleza majibu, amepata kitu ambacho duka la dawa haliuzi. Kazi hiyo ina miiko yake, na ifundishwe: mkalimani haongezi, hapunguzi, halaini habari mbaya, na hatoi siri nje.

La tatu halihitaji pesa wala kikao. Ni kubadilisha amri kuwa maswali. Badala ya jikaze, tuulize: leo unaogopa nini? Badala ya kula upate nguvu: leo umeruhusiwa kula nini? Badala ya Mungu atafanya Jumatatu: unataka tusali, au tukae tu? Tumwulize pia angali na nguvu: habari mbaya ikija, unataka uambiwe na nani? Na ndugu anayetazamwa na ukoo mzima, aulizwe peke yake, na mtu asiye na sauti katika kikao: wewe unataka nini? Kisha tunyamaze. Swali lisilongojewa jibu ni amri iliyovaa kanzu.

Tunafundishwa darasani kwamba kauli za kitenzi huonyesha nani ametenda na nani ametendewa. Tumezichambua katika sentensi za mwalimu zisizo na damu, za mtoto aliyepigwa na mpira uliopigwa. Katika miji yetu wapo watu ambao usiku huu wanapima maji kwa kikombe na kungoja simu ya ndugu. Hatuna figo za kuwapa, wala hatuna lami ya kutandika hadi Kasindi. Tunao uwezo wa kuhakikisha kwamba anayejitolea amejitolea kweli, kwamba asiyeweza ameruhusiwa kusema hawezi, na kwamba anayengoja amepata mtu wa kumwambia anachoogopa, katika lugha aliyofundishwa na mama yake.